Dereva Hajakamilika

Pikapu ya Mzee Oresto Tweve iliingia gereji ikiwa imefungwa kamba nyuma ya lori la viazi. Mwenyewe alikaa kwenye usukani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha kweli. Lori lilipokata kona ya getini, Vaileth Nyalusi alimwona mzee akigeuza usukani kwa kuchelewa kidogo, na bampa ikaparuza nguzo ya geti. Dereva wa lori alifungua kamba, akapiga honi ya kuaga, akaendelea na safari yake ya sokoni.

"Shikamoo baba," Vaileth alisema akimfungulia mlango.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi Vaileth? Watu wa kule kwetu wanasema unaongea na magari."

"Nayasikiliza tu, baba. Na mengine yanadanganya."

Mzee alicheka. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la kijeshi lililofifia rangi, maana baridi ya Makambako asubuhi ile ilikuwa inauma. Akaeleza shida yake akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti. Mke wake, Yudita, alianguka shambani akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa likapanda mlimani kumchukua, likamleta hospitali hapa mjini, akapasuliwa. Yeye Oresto alibaki nyuma kuwaweka ng'ombe mikononi mwa jirani. Alipotaka kumfuata mkewe, pikapu ilifika getini kwake ikawasha taa nyekundu, na tangu hapo haikubali kwenda zaidi ya mwendo wa kobe.

"Upasuaji umekwenda salama," alisema. "Siku yoyote watamruhusu. Nataka nimrudishe kwenye gari lake mwenyewe. Sitaki apandishwe kwenye lori la viazi na mshono ule."

"Tutaliangalia, baba. Kaa hapo kwenye jua."

Miaka hiyo magari ya kwenye lami yalikuwa yanajiendesha yenyewe. Barabara kuu zilikuwa zimetandikwa nyaya chini kwa chini, na gari lilizifuata kama maji yanavyofuata mfereji. Lakini kule juu, Utengulwa na vijiji vya jirani, mvua moja tu ilitosha kubadilisha barabara, na hakuna waya uliowahi kudumu. Huko binadamu waliachiwa usukani kwa sharti moja, kwamba kila gari liwe na ubongo unaomsoma dereva wake. Ubongo huo ulijua anavyokanyaga breki, anavyoegemea kwenye kona, hata anavyovuta pumzi kabla ya kulipita gari la mbele. Kutokana na hayo ulijichorea picha yake. Mtu asiyefanana na picha hiyo, awe mwizi, mlevi au mtu anayesinzia, alinyimwa mwendo.

Vaileth alichomeka waya wa mashine yake ya kupimia chini ya dashibodi. Maandishi yakajitokeza kwenye kioo:

DEREVA HAJAKAMILIKA.

Aliyasoma tena. Misimbo ya dereva aliizoea. Dereva amechoka, dereva amelewa, dereva si yeye, yote hiyo ilikuwa inapita mikononi mwake. Huu aliukumbuka kwa mbali kutoka chuoni, na mwalimu aliusemea kwa haraka tu: hutokea pale ambapo nusu ya taarifa haifiki kwenye ubongo, na mara nyingi ni waya.

Kwa hiyo alianza na waya. Alinyanyua zulia, akakuta panya hawajafika. Akachomoa soketi ya sensa zinazohisi uzito kwenye kiti, akaisafisha, akapima umeme unaoingia na unaotoka. Akapima sensa ya usukani, ya breki, na ile kamera ndogo inayotazama uso. Akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, mpaka kwenye bodi, akaukwangua kutu isiyokuwepo. Kila kitu kilikuwa kizima. Gari lilikuwa limetunzwa kuliko magari mengi aliyoyaona mwaka ule. Hata chini ya viti palifagiliwa.

Ndipo akafungua kumbukumbu za safari. Kwenye kioo ilitokea mistari ya rangi, mmoja wa mikono, mmoja wa miguu, na wa tatu uliokuwa mnene kuliko alivyotarajia. Ulikuwa wa sauti. Katika magari mengine mstari huo ulikuwa mwembamba kama uzi, maana ubongo hausikilizi maongezi ya watu ila wakiuita. Hapa ulipanda na kushuka sambamba na mikono. Vaileth alikuza picha. Havikuwa sambamba kamili. Sauti ilitangulia, mikono ikafuata, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye kila kona, kila shimo na kila daraja la magogo.

Alivaa spika za masikioni akasikiliza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, akiongea Kikinga. Vaileth ni Mhehe, lakini alikulia nyumba moja na wapangaji Wakinga, na maneno yalikuwa mepesi. "Kulia. Bado. Bado. Sasa. Nyoosha. Ule mteremko unakuja, kanyaga kidogo. Nilikuwa nasema nini? Ehe, huyo shemeji yako akakataa kula, shimo! kushoto, hapo hapo, akasema yeye maharage hali..."

Vaileth alivua spika. Alikaa ndani ya pikapu akiwa amepakata mashine yake, akimtazama mzee kupitia kioo cha mbele. Oresto alikuwa ameketi juani, uso umeelekea ukutani.

Ubongo wa gari ulikuwa umefanya kazi yake bila kosa. Ulimsoma dereva wake kwa uaminifu, na dereva huyo alikuwa watu wawili. Sasa mmoja alikuwa amelazwa, na gari likakataa kuondoka na nusu.

*

Alichemsha chai ya tangawizi, akamwekea mzee kikombe juu ya stuli bila kusema neno, akasimama pembeni. Mzee hakugeuka. Mvuke ulipanda, ukapungua.

"Chai yako inapoa, baba."

"Aa, asante." Mkono wake ulitua kwanza kwenye ukingo wa stuli, kisha vidole vikatembea taratibu mpaka kwenye kikombe.

Vaileth akavuta tairi kuukuu, akaketi karibu naye. "Tangu lini?"

Oresto hakujifanya hakuelewa. Alipuliza chai, akanywa funda moja.

"Tangu mwaka juzi. Katikati pameziba. Nikikutazama usoni, hupo. Nikitazama ule ukuta, ndipo naona sikio lako na kola ya ovaroli. Daktari alisema ndani ya jicho kuna kitu kimechakaa, na hakishonwi."

"Na ukaendelea kuendesha."

"Tukaendelea," alisema. "Utengulwa hakuna gari jingine, mwanangu. Maziwa yanashuka na hili. Wajawazito wanashuka na hili. Mama Imani, mke wangu, akaniambia, wewe una mikono na mimi nina macho, kwa nini tushindwe? Tukaanza taratibu, mpaka zahanati na kurudi. Baadaye tukazoea. Hatujawahi kumgusa hata kuku."

Ilikuwa kweli, Vaileth alikwisha kuona kwenye kumbukumbu. Alikuwa amepima madereva wenye macho makali ambao rekodi zao zilitia aibu. Watu hawa wawili, ukiwachukua kama mmoja, walikuwa dereva mzuri.

"Sauti yake imo humo ndani?" Oresto aliuliza ghafla.

"Imo."

"Yote?"

"Yote aliyoyasema njiani."

Mzee aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Basi iache iseme. Ninyi mafundi mnaweza. Mimi nitaifuata kama ninavyomfuata yeye. Nimfuate mke wangu, nimrudishe nyumbani, basi. Akipona tutaendelea wenyewe."

Vaileth angemkatalia pale pale, ila swali lilimshika. Jambo hilo liliwezekana. Ubongo ule ulikuwa na kamera zake, na ulikwisha kujifunza jinsi Yudita anavyoiona barabara na anavyoisema. Alihitaji kufungua mlango mmoja tu wa programu, na gari lingeanza kumwongoza mzee kwa sauti ya mkewe. Kama lingemwongoza vizuri, ni nani angedhurika? Mzee angebaki na gari, kijiji kingebaki na gari, na msimbo ungezimika wenyewe kwa sababu dereva amekamilika.

"Tujaribu nyuma ya gereji," alisema. "Kwa mwendo wa kutembea. Na mimi nitashika swichi ya kuzima."

Nyuma ya gereji kulikuwa na uwanja mpana wa majani makavu, umetapakaa mapipa na mabodi ya magari yaliyokufa. Vaileth aliketi kiti cha abiria, kidole gumba juu ya swichi. Akafungua programu.

"Haya, baba Imani," sauti ikasema kwa Kikinga, karibu kabisa, kama mtu aliyeketi kati yao. "Twende."

Oresto alikaza mikono kwenye usukani. Pikapu ikasogea.

"Kulia. Bado. Bado. Sasa."

Walilizunguka pipa la kwanza bila kuligusa. Wakapita katikati ya mabodi mawili, mahali ambapo Vaileth mwenyewe angepunguza mwendo. Sauti haikukosea. Mzee alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ni yeye," alinong'ona. "Sikiliza anavyovuta pumzi. Ni yeye."

Vaileth alianza kulegeza kidole.

Ndama wa jirani alitokea nyuma ya basi bovu. Alikuwa mdogo, miguu bado haijakaza, na akasimama katikati ya njia akiwatazama. Kamera ilimwona. Kwenye mashine Vaileth aliona mstari mwekundu ukimzunguka.

"Twende tu," sauti ikasema kwa upole. "Watapisha."

Oresto akaenda.

Vaileth alibonyeza swichi. Pikapu ikasimama ghafla, mzee akasukumwa mbele, na ndama akaruka kando, akakimbilia majani.

Oresto aliuliza, "Nini?"

"Ndama."

"Amesema watapisha."

"Nimesikia, baba." Vaileth alishusha pumzi. Alijua sasa kilichotokea. Kila siku ya miaka hii miwili Yudita aliona ng'ombe wa kijijini kando ya njia, ng'ombe aliowajua mmoja mmoja, na akasema watapisha, nao wakapisha. Ubongo ulijifunza kwamba mbele ya ng'ombe husemwa hivyo. "Gari limejifunza maneno yake. Kwa nini alikuwa anayasema, hilo halijui."

Mzee alibaki ameshika usukani kwa muda mrefu. Hatimaye aliuachia, mkono mmoja kisha wa pili.

"Huyo si yeye," alisema. "Yeye angeona kwamba ni mtoto."

*

Ilibaki sehemu ngumu, na Vaileth hakutaka kuizunguka.

Sheria ilisema gereji yoyote ikikuta msimbo wa dereva iutume kwa Mamlaka inayosimamia madereva kabla gari halijatoka, pamoja na kumbukumbu zote zinazouthibitisha. Baada ya hapo gari humfungia dereva huyo usukani, moja kwa moja. Kuufuta kimya kimya aliweza. Mafundi wengine walifanya hivyo. Lakini akiufuta, mzee huyu angeondoka hapa peke yake na ile njia ya mlimani, na lawama ya chochote kitakachotokea ingelala naye kitandani. Na akiutuma kama ulivyo, mtu asiyemjua Oresto wala Yudita angekaa ofisini akisikiliza miaka miwili ya maneno yao.

Alimweleza yote hayo, na kwamba gari lilimsoma dereva wake kama watu wawili, hakuficha.

"Yote watasikia?" Oresto aliuliza. "Hata siku tuliyotoka kumzika mwanetu Imani?"

Vaileth hakuwa ameisikia siku hiyo, na alishukuru. "Hata hiyo, baba. Labda kama dereva atajitangaza. Dereva akiweka dole gumba na kukiri mwenyewe kwamba macho yake hayafai tena, ushahidi hauhitajiki. Msimbo unakwenda peke yake. Sauti zinafutika na ile picha ya dereva."

"Na sitaendesha tena."

"Hutaendesha tena."

Mzee alifikiri. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu chini ya pikapu.

"Mimi siwezi kujitangaza peke yangu," alisema hatimaye. "Wewe umeniambia gari linasema dereva ni wawili. Nipeleke kwa mwenzangu."

*

Wodi ya wanawake ilikuwa na harufu ya dawa na uji. Yudita alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kilemba cha bluu kichwani, amelala chali na mguu umeegemezwa mito. Alimwona mumewe tangu mlangoni, akamwona na mwanamke mwenye ovaroli aliyemshika kiwiko. Vaileth aliona jinsi macho yale yalivyopima mara moja nafasi kati ya vitanda, ndoo sakafuni, stendi ya dripu.

"Kushoto kidogo," Yudita aliita. "Kuna ndoo. Nyoosha. Umefika."

Oresto akaketi ukingoni mwa kitanda, akautafuta mkono wake. Kisha akamweleza habari yote, kamba, lori, msimbo, na ile sauti nyuma ya gereji. Alipofika kwenye ndama, Yudita alifunika mdomo.

"Ina maana ulitaka kuondoka nyumbani bila mimi?" alisema. "Wewe peke yako, na daraja lile?"

"Nilikuwa nakuja kwako."

"Ungenifikia wapi? Korongoni?" Aligeuza uso ukutani, na mabega yakamtikisika. Vaileth alitaka kutoka nje, lakini mama yule akamwita bila kugeuka. "Usiende, mwanangu. Keti. Jambo hili si lake. Ni mimi niliyesema tusimwambie mtu. Nilimwona ameacha kula siku daktari alipomwambia kuhusu macho. Nikajua akinyimwa lile gari atalala, na hataamka. Nikasema nitamkopesha macho."

"Yalimtosha, mama," Vaileth alisema. "Nimeona kumbukumbu. Yalimtosha kabisa."

"Mpaka nilipoanguka." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Na nikianguka siku nyingine tukiwa njiani, na mjamzito wa watu nyuma? Tumekuwa tukiwabeba wale wasichana bila kuwaambia. Hilo limekuwa likininyima usingizi kabla hata ya nyonga hii."

Oresto aliinamisha kichwa. "Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Nilikuwa naangalia barabara."

Vaileth aliweka mashine kitandani, kati yao. Akaeleza tena, polepole, kitakachotumwa na kitakachofutika. Akasema jambo moja ambalo lilikuwa limemkaa rohoni tangu asubuhi. "Kabla sijafuta, naweza kuwatolea sauti mkabaki nayo. Hakuna sheria inayokataza. Mkitaka."

Oresto alimgeukia mkewe, akatazama kando ya uso wake ili amwone.

"Ya nini?" Yudita alisema. "Mimi si nipo?"

Mashine ilidai dole gumba moja. Oresto aliweka lake, lakini hakubonyeza. Alisubiri. Yudita akauinua mkono wake uliochomekwa dripu, akauweka juu ya ule wa mumewe, na wakabonyeza pamoja. Kioo kikaandika kwamba taarifa imepokelewa. Ilikuwa imekwisha.

Mzee Oresto alilia hapo, bila kujificha, mbele ya wagonjwa na waliokuja kuwaona. Mkewe alimpapasa mgongo akisema maneno madogo ya Kikinga ambayo Vaileth aliyaelewa, na akajitahidi asiyasikilize.

*

Yudita aliporuhusiwa, Vaileth ndiye aliyeendesha. Ubongo wa pikapu ulikuwa mtupu, ukampokea kama dereva wa muda. Muuguzi wa zahanati ya Utengulwa alikuwa na leseni na alikubali kulichukua gari kwa kazi za kijiji, lakini safari ile ya kwanza Vaileth aliiomba iwe yake. Walimlaza Yudita kiti cha nyuma, mguu kwenye mito, na Oresto akaketi mbele, mahali ambapo mkewe alizoea kukaa.

Walipoiacha lami, barabara nyekundu ikaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza sauti ikatoka nyuma: "Kulia. Bado..." ikakatika.

"Samahani mwanangu. Wewe unaona."

"Naona, mama. Pumzika."

Oresto alikuwa hatulii. Mikono yake ilipapasa magoti, ikashika dashibodi, ikarudi magotini. Walipita daraja la magogo, na yeye akajikaza kama anayesubiri kuambiwa kitu.

"Tuko wapi?" aliuliza.

"Tumepita kwa Mbilinyi," Yudita alijibu. "Ameezeka upya. Bati la kijani."

"La kijani? Hukuniambia."

"Wakati ule nilikuwa nakuambia mashimo." Alijiinua kidogo kwenye mito ili aone vizuri dirishani. "Shamba la ngano la chini limeiva, lote ni la dhahabu mpaka mtoni. Kuna mtoto amepanda punda, amevaa sweta la shule kichwani. Ukungu umekaa juu ya mlima, lakini huku kwetu kuna jua. Na maua yametoka, baba Imani. Yale ya zambarau. Pande zote mbili za barabara."

Mzee aligeuza uso taratibu kwenye kila kitu alichotajiwa, akitazama kando yake kidogo, kama alivyojifunza. Mikono yake ilikuwa imetulia.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Ukoje? Siku nyingi sijakuona sawasawa."

Vaileth alikaza macho mbele.

"Nimezeeka vizuri," Yudita alisema. "Nywele zimekuwa nyeupe huku mbele, ndiyo maana nafunga kilemba. Nimekonda mashavu. Meno yapo yote."

"Endelea," Oresto alisema.